"LAKINI PELEKA NYUMBANI KWAKO!" Nimeambiwa hivi leo nikiwa kizimbani, mtu mzima mimi

Mama IST

Wakuu nimetoka mahakamani sasa hivi, hata viatu sijavua, naandika mikono inatetemeka. Yule PP, mwendesha mashtaka wa serikali wa mahakama ileee, yule mwenye sauti kama spika ya mnada, simtaji ila kila aliyewahi kupelekwa pale kwa kosa la barabarani anamjua, leo kanidhalilisha ambavyo sijawahi kudhalilishwa toka nizaliwe.

Iko hivi. Juzi nimesimamishwa na trafiki, kanionyesha simu, picha ya tochi, ile kamera ya kupima spidi, katumiwa WhatsApp na mwenzake wa kule nyuma, spidi 64 kwenye kibao cha 50. Naiangalia ile picha, kioo chenyewe cha simu kimepasuka, ni IST ya silva kama yangu ni kweli, lakini ina keria juu na gari langu halijawahi kufungwa keria hata siku moja, halafu kwenye namba herufi inayoanza baada ya tarakimu ni D, yangu ni E. Nikamwambia afande hili si gari langu. Akasema lipa 30,000 uende zako, kama unabisha twende mahakamani. Nikasema twende. Si haki yangu? Ile notification, karatasi ya faini ya papo hapo, ni ya anayekubali kosa, asiyekubali anaenda kwa hakimu akasikilizwe.

Akasikilizwe!! Nimekaa benchi kuanzia saa mbili mpaka saa sita, benchi la watu watano tumekaa kama watu sitini. Kabla hatujaitwa yule bwana kapita kwenye korido anatangaza, nyie wa trafiki mkiulizwa semeni ni kweli muondoke, atakayekataa anaenda mahabusu kungoja mashahidi. Watu na ndevu zao wanaitikia ndiyo mkuu kama watoto wa chekechea.

Nikaitwa. Shitaka limesomwa kwa spidi ambayo ingepigwa tochi ile tochi ingeungua. Hakimu akauliza ni kweli au si kweli. Nikasema, na haya ndiyo maneno yangu neno kwa neno, "Ni kweli nilipita pale, lakini gari la kwenye picha..." Sijafika hata kwenye "si langu", PP kadakia: "LAKINI PELEKA NYUMBANI KWAKO!" Chumba kizima kikacheka. Hata jamaa mwenye pingu wa kesi ya kuku kacheka, anafuta machozi kwa mnyororo. Na hakimu hakunyanyua kichwa. Nimeiona ile kalamu, biki ya bluu, imeandika maneno mawili na nukta. NI KWELI. Nukta. Ameikandamiza ile nukta mpaka karatasi imebonyea.

Yaani sentensi yangu imekatwa kichwa na kiwiliwili, kichwa kimebaki mahakamani, kiwiliwili nimeambiwa nikipeleke nyumbani. Katiba ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, mimi imethibitika kwa maneno mawili! Faini au kifungo, nimelipa, nimetoka. Lakini peleka nyumbani kwako. Nina miaka 41, nina watoto watatu, wadogo zangu wananiita dada mkubwa. Lakini peleka nyumbani kwako!!!

Kobe wa Highway

Pole dada ila ungelipa ile elfu thelathini barabarani saa hizi ungekuwa umelala. Umepoteza siku, umepata faini ya mahakama na umetukanwa juu. Hesabu hiyo inakataa.

Mama IST

@Kobe sijauliza hesabu. Nikilipa nimekubali kosa la gari la mtu mwingine. Wewe ukionyeshwa picha ya mtoto si wako utalipa ada kwa sababu ni nafuu?

Kobe wa Highway

Kwa ada za siku hizi hata wangu naombea waseme si wangu

Shangazi Mkali

Huyo PP namjua!! Mwaka jana mdogo wangu alimwambia naomba nieleze kidogo, akamjibu eleza kwa mkeo. Ana jibu la kila mtu, sijui huwa anayaandaa usiku.

Nusu Wakili

Mleta uzi punguza moto nikuulize kitu. Baada ya kuandikwa "ni kweli", PP alisoma maelezo ya kosa, yaani siku gani, wapi, gari namba ngapi, spidi ngapi, halafu ukaulizwa kama unayakubali hayo maelezo?

Mama IST

Maelezo gani mkuu? Baada ya lakini peleka nyumbani kwako kilichofuata ni faini.

Nusu Wakili

Basi hapo pana kitu. Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mpaka leo inatumika huku Tanzania na Kenya. Shitaka usomewe kwa lugha unayoielewa, jibu lako liandikwe kadiri inavyowezekana kwa maneno yako mwenyewe, halafu PP ataje maelezo ya kosa na wewe upewe nafasi ya kuyakubali au kuyakataa au kuongeza la kwako. Ukiongeza jambo linaloonyesha huna hatia, kama hilo la gari si langu, hakimu anatakiwa aandike umekana na kesi isikilizwe. "Ni kweli nilipita pale lakini" siyo kukiri. Hapo umekiri kupita barabarani, na kupita barabarani siyo kosa.

Tatizo ukishatiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe huwezi kukata rufaa kupinga hatia, unabaki na adhabu tu, ila kuna mlango, soma kesi ya Laurent Mpinga ya 1983: kama kukiri kwenyewe hakukukamilika au kuna utata, au ulikiri kwa kutoelewa, rufaa inasikilizwa. Notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe siku 45, unaenda Mahakama Kuu. Kesho asubuhi kaombe nakala ya mwenendo wa kesi, yaani yale aliyoandika hakimu. Usingoje siku nyingine, kesho.

Na hilo la mahabusu alikutisha tu. Makosa yasiyo na dhamana yanajulikana, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa silaha na mengine ya aina hiyo. Spidi 64 haimo humo. Ukikana unaomba dhamana, unaleta mdhamini, unapangiwa tarehe.

Mama IST

Nusu Wakili Mungu akubariki. Lakini nikiomba nakala nitakuta imeandikwa ni kweli nukta. Ile lakini yangu haimo. Nani atamwambia jaji kwamba palikuwa na lakini? Labda yule wa kuku.

Nusu Wakili

Na maelezo ya kosa pia hayatakuwemo, maana hayakusomwa. Hilo ndilo la kushika. Na kama huna hela ya wakili kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, ulizia.

Afande Mstaafu

Mimi nimekaa barabarani na nitasema ukweli hata mkinitukana. Kibao cha 50 kimewekwa kwenye makazi ya watu, watoto wanavuka. Nimeokota kiatu cha mtoto wa darasa la kwanza kwenye lami, kiatu kimoja, soksi imo ndani. Kwa hiyo hizo 64 msizichukulie poa. Kama gari si lako sawa, ungesema SI KWELI kwanza, halafu ndiyo ueleze. Mahakamani ukianza na "ni kweli" umeshamaliza.

Mama IST

Afande shikamoo. Sijasema spidi ni sawa, nimesema SI GARI LANGU. Hata yule mwenye keria akamatwe, mimi mwenyewe nitampigia makofi. Ila mtu asiyejua sheria akiulizwa swali anajibu kama anavyojibu nyumbani, anaanza na lililo kweli ndiyo aingie kwenye lililo uongo. Ndivyo Kiswahili tunavyokiongea. Na tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, basi wasikilize Kiswahili mpaka mwisho wa sentensi!

Boda Namba Tisa

Nyie wenye IST mnalalamika nini, njooni huku kwetu. Mimi nimekamatwa abiria hana helmeti, helmeti ameishika mkononi anasema inamharibia nywele. Nywele zake, faini yangu.

Shangazi Mkali

Boda nyie mlipunguziwa faini mpaka 10,000 bado mnalia? Na mnavyopita kulia na kushoto na juu ya watu

Boda Namba Tisa

Shangazi hiyo 10,000 kwako ndogo, kwangu ni hesabu ya bosi ya siku nzima. Na pikipiki ikilala kituoni nikiikuta betri haipo namlilia nani?

Bwana Spea

Kituoni hapo umegusa penyewe. Mimi gari lilikaa wiki mbili, nimelikuta halina redio, halina jeki, hata zulia la miguuni. Zulia!

Kobe wa Highway

Hamjanunua gari kwa mtu nyie. Mimi nimenunua Noah, namba nikaiangalia kwenye mfumo siku ya tatu, madeni saba ya mwenye gari wa zamani. Deni linafuata namba, halimfuati mtu. Nampigia simu anasema nilikuuzia na kila kitu chake.

Shangazi Mkali

Unanunuaje gari bila kuangalia deni kwanza? Hilo ni la kuangalia kabla hata ya injini

Kobe wa Highway

Injini nayo sikuangalia

Mama IST

Jamani naomba turudi kwenye mada. Mtu mzima kaambiwa lakini peleka nyumbani kwako mbele ya hakimu na hakimu kanyamaza. Kesho nafuata nakala, nani aliwahi kukata rufaa ya trafiki anieleze inakuwaje?

Bwana Spea

Kobe hiyo Noah ni ya mwaka gani na unaiuza? Madeni tutaongea

Boda Namba Tisa

Shangazi hujanijibu la betri