MREJESHO: Alfa-sinukleini iliyokuwa haionekani kwenye western bloti

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini alfa-sinukleini (protini inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson) ya seli za SH-SY5Y (seli za binadamu za uvimbe wa neva zinazokuzwa maabara) haionekani kwenye western bloti (kipimo cha kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye karatasi nyembamba iitwayo membreni, kisha kuzitambua kwa kingamwili) wakati aktini, protini ya kulinganishia, inatoka vizuri. Asanteni sana wote mliojibu.

Kilichosaidia ni ushauri wa kugandisha protini kwenye membreni, yaani kuishikiza kwa kemikali, si kwa baridi. Protini hii ni ndogo, kilodalton 14 hivi; inahama vizuri kutoka kwenye jeli, ila inabanduka kwenye membreni wakati wa kusuuza. Kubadilisha membreni pekee, kutoka tundu za mikromita 0.45 hadi 0.2, kulinipa bendi hafifu tu. Sasa nikimaliza kuhamisha naloweka membreni kwenye paraformaldehidi 0.4% ndani ya PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfati) kwa dakika 30, joto la kawaida la chumba, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Nasuuza mara 3, ndipo naweka myeyusho wa kuzuia kingamwili zisishike ovyo kwenye membreni. Mpangilio huo usigeuzwe: protini ikishabanduka, kugandisha hakuirudishi. Bendi sasa ni nzito na inajirudia.

Kipande cha juu chenye aktini nakikata kabla, kwa sababu kugandisha kunaweza kuharibu sehemu inayotambuliwa na baadhi ya kingamwili.

Fosfo-serini 129, yaani alfa-sinukleini yenye fosfati kwenye serini ya 129, bado haijakaa sawa. Kwenye myeyusho wa kuzuia nimeacha maziwa, maana kaseini, protini ya maziwa, yenyewe ina fosfati; natumia albumini 5%. Uchafu wa picha umepungua, lakini bendi za juu zimebaki, na zinaonekana hata kwenye seli zilizoondolewa SNCA, jeni inayotengeneza alfa-sinukleini. Hizo sizihesabu.