Besiboli ya Marekani, Septemba 2025: Dodgers tunaongoza kundi, lakini kwa mchezo huu mtoano wa Oktoba tutatoboa?

Mzee wa Besi ya Tatu: Wakuu, nipo LA, roho iko juu. Jana kule Baltimore mrushaji wetu Yamamoto kawafunga mdomo Orioles mpaka awamu ya tisa, ya mwisho, wawili wameshatoka, hakuna aliyempata hata hiti moja, yaani pigo la kumfikisha besi. Kabaki mtu mmoja! Holliday wao akaupiga mpira mpaka jukwaani. Sawa, bado 3-1. Akaingia Treinen kurusha, akagawa besi za bure mpaka bao la pili likaja lenyewe. Akaja mrushaji mwingine, Scott, akamalizia kutuzika, tukafungwa 4-3. Juzi huyo huyo Scott kapigwa homurani ya mwisho, mpira nje ya uwanja, tukafungwa 2-1. Na wapigaji wetu? Siku mbili mabao manne. Padres, wapinzani wetu wa kundi, wanatunusa kisogoni.

Otieno Denver: Bingwa wa mwaka jana, ana Ohtani wa dola milioni 700, halafu analia. Sisi wa Rockies msimu huu tumeshapoteza mechi mia na ushee. Tuseme nini?

Mzee wa Besi ya Tatu: Silii, nahesabu. 2022 tulishinda mechi 111, Padres wakatutoa kwenye mtoano. 2023 tulishinda 100, Arizona wakatufagia 3-0. Kuongoza kundi si kombe.

Kaka Mdogo: Tatizo ni mpigaji wetu Mookie Betts. Aliugua Machi, ile safari ya Tokyo, akakonda, rungu halijaamka vizuri tangu hapo.

Mzee wa Besi ya Tatu: Mookie ndiye aliyempa Scott mkataba? Milioni sijui sabini na ngapi zile!

Kaka Mdogo: 72, miaka minne. Usinipandishie sauti.

Mgosi: Niliangalia mara moja. Mmoja anarusha, mwingine anakosa, wote wanatema mate, muda wa saa tatu nzima. Hiyo si rede ya mabinti tu, wameiongezea rungu?

Dada Upanga: "Ya mabinti" maana yake nini?

Mgosi: Maana yake ndiyo hiyo dada. Sisi tulikuwa uwanjani na mpira wa makaratasi.

Dada Upanga: Mlikuwa mnakimbia. Kaka zangu wote wawili nimewalenga mgongoni na bado nikajaza chupa mchanga. Huyo Scott angekuwa na shabaha yangu, Mzee asingekuwa hapa analalamika.

Otieno Denver: 😂😂 Dodgers wamsajili huyu.

Mgosi: Kumpiga mdogo wako mgongoni si shabaha, ni ukatili.

Dada Upanga: Nimesema kaka. Wakubwa. Soma.

Kaka Mdogo: Kwa taarifa yenu besiboli Dar ipo. Pale Azania sekondari kuna uwanja kabisa, Wajapani walisaidia, 2018 kama sikosei. Wanauita Koshien, kama ule maarufu wa Japani.

Mgosi: Wajapani wakajenga uwanja wa besiboli wakati shule yangu goli lilikuwa mawe mawili?

Kaka Mdogo: Basi kasirikia aliyekuwa anakula hela ya magoli, siyo Wajapani.

Mgosi: Usiniingize kwenye siasa.

Mzee wa Besi ya Tatu: Jamani, awamu ya tisa nani arushe? Naomba jina.

Dada Upanga: Subiri Mzee. Mgosi, upo Dar?

Mgosi: Nipo Tabata.

Dada Upanga: Jumamosi Coco Beach. Chupa naleta mimi, mchanga upo. Wewe lete mgongo.

Otieno Denver: Mtu arekodi tafadhali.