Tupeane uzoefu: RXP-X, GP1800R au Ultra 310 kwa Ziwa Victoria upande wa Uganda?

Mkaazi wa Entebbe
Salaam wakuu. Mimi na kaka yangu tunatafuta jetiski (pikipiki ya majini) ya nguvu ya kwetu wenyewe, si ya kukodisha ufukweni. Tumebakiwa na tatu: Sea-Doo RXP-X 325, Yamaha GP1800R SVHO na Kawasaki Ultra 310. Video nyingi nilizoziona zimepigwa Florida na Dubai, baharini, na sisi tuko ziwani. Naomba aliyewahi kuendesha huku, kuanzia Nakiwogo mpaka Jinja, atusimulie kilichomkuta. Namba za karatasi ninazo tayari.

Fundi wa Ggaba
Karibu ssebo. Hizo namba za karatasi ndizo nataka tuanze nazo. Zote tatu zinaishia kwenye kilomita 108 hivi kwa saa, kwa sababu watengenezaji walishakubaliana na walinzi wa pwani wa Marekani wasipite hapo. Kwa hiyo nguvu za farasi 325 za Rotax, injini ya Sea-Doo, na 310 za Kawasaki hazitakupa mwendo wa juu uliotofautiana sana. Utakachoona ni jinsi chombo kinavyochomoka ukikandamiza gesi.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Watu husema supachaja, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, itafidia. Haifidii. Inazungushwa na injini yenyewe kwa uwiano usiobadilika, kwa hiyo nayo inameza hewa ile ile nyepesi. Mteja wangu alileta chombo kipya kabisa akilalamika kwamba hakifikishi mizunguko ya injini iliyoandikwa kwenye kitabu. Nilipima kila kitu, injini haikuwa na kasoro. Tulipofunga impela (panga la pampu linalosukuma maji) yenye mkunjo mdogo zaidi, mizunguko ikarudi na kikaanza kuchomoka vizuri. Bajeti yako iwe na impela tangu siku ya kwanza, chapa yoyote utakayochagua.

Mzee wa Munyonyo
Mimi nitasema habari ya mawimbi tu. Asubuhi ziwa ni tambarare na kila chombo ni kizuri. Alasiri upepo wa kusini ukishaamka, mawimbi yetu yanakuwa mafupi na yamesimama, hayakupi nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine kama yale marefu ya baharini. Nimerudi kutoka kisiwa cha Bulago katika hali hiyo nikiwa na Ultra, na mwanangu kando yangu na RXP-X. Ultra ni nzito na tumbo lake lina pembe ya nyuzi 22.5, linapasua wimbi badala ya kulirukia. Kijana alifika magoti yakimtetemeka. Lakini kwenye maji tulivu, kwenye kona, simkamati hata kidogo. RXP-X imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeibana kwa mapaja na kupigana nayo, na kwa kazi hiyo sijaona kama yake.

Jinja Kando ya Nile
Mnasahau magugu jamani! Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilichokuwa kinaelea kiliziba mitambo ya umeme ya Nalubaale hapa Jinja, nchi ikaingia gizani. Sasa pampu ya jetiski ni nini? Gugumaji moja likinyonywa, chombo kinanguruma na hakiendi. Mimi ndiyo maana nilichagua Sea-Doo yenye mfumo wa iDF, ambao unazungusha impela kinyumenyume ili kutema uchafu. Umeanza 2022, ila haupo kwenye kila aina, kwa hiyo ulizia kabla hujatoa pesa. Kama huna, zima injini, chomoa kamba ya usalama, ndipo uingie majini uvute kwa mkono. Usiguse pampu injini ikiwa hai, hata kama unaona aibu watu wa mwaloni wanakutazama.

Fundi wa Ggaba
Naongezea hapo. Rotax ya Sea-Doo ina kipozeo chake cha ndani kama gari, maji ya ziwa yanapoza bomba la moshi na sehemu chache nyingine. Yamaha na Kawasaki zinapitisha maji ya ziwa ndani ya injini yenyewe. Kwetu maji si ya chumvi, hiyo ni neema. Lakini mchanga na tope la mwaloni ni balaa. Sukuma mpaka maji yafike sentimita 90, ndipo uwashe.

Dada wa Garuga
Mimi ni abiria zaidi kuliko dereva na naomba mnisikilize. Mashine hizi zikichomoka, aliyekaa nyuma anaanguka kinyumenyume, sawasawa na pale mkondo wa pampu unapotokea. Maji yale yakimwingia mwilini yanaweza kumjeruhi vibaya sana sehemu za ndani. Vitabu vya watengenezaji wote vinataka suruali nene ya kuogelea, na huku karibu kila mtu namwona na bukta. Kama nia yenu ni kupakia mke na watoto, RXP-X iacheni. Na tangu MV Templar izame Mukono Novemba 2018, kwangu hakuna anayepanda bila jaketi la kuokolea lililofungwa vifungo vyote.

Mkaazi wa Entebbe
Asanteni mno. Dada wa Garuga, mke wangu amesoma na sasa anaunga mkono upande wako kwa nguvu. Je, mafuta? Tunapenda kwenda kisiwa cha Ngamba.

Mzee wa Munyonyo
Ngamba ni kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, kwa mwendo wa wastani unakwenda na kurudi vizuri. Ila ukikandamiza gesi mwisho muda wote, tanki la lita 70 halimalizi saa. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya upepo.

Fundi wa Ggaba
Na supachaja inataka petroli ya oktani 95, si ile ya jerikeni la mwaloni usiyojua imetoka wapi. Kama safari zenu ni visiwani na familia, tazameni pia Yamaha FX HO. Haina supachaja, inakunywa kidogo, na inakubali mafuta ya kawaida. Mkiamua GP1800R SVHO, nitafurahi nanyi, ni imara kwenye kona na haichoshi kama RXP-X. Mkiona ya mtumba kutoka Dubai, msitazame rangi. Ombeni saa za injini, mkandamizo wa kila silinda, kisha fungueni kiti mtazame vichwa vya boliti: chumvi ya bahari huonekana hapo kwanza.