Tupeane uzoefu: umewahi kuvunja au kuvunjiwa historia ya RP ya kikundi?

Habari za jioni wakuu. Najua humu wapenzi wa RP (roleplay, kila mtu anaigiza karakta wake kwenye mkasa wa pamoja) mpo wengi, wa kuandika na wa magemu, naomba tupeane uzoefu kuhusu kufuata historia ya dunia mnayoigiza na mkasa ambao wenzako wameshauanza. Naanza mimi.

Kikundi chetu cha Telegram tupo kumi na wanne, tunaigiza kwa maandishi Zanzibar ya 1873, enzi za Sayyid Barghash. Mimi ni karani wa tajiri mmoja wa karafuu pale mtaa wa Malindi, Unguja mjini. Mkasa wote umesimama juu ya ile tufani ya Aprili 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Tajiri wangu kafilisika, kakopa, sasa binti yake anaozwa ili deni liishe, watu watano tulikuwa tunaandika hapo kwa miezi mitatu. Akaingia mwanachama mpya, usiku uleule akaposti karakta wake anashusha magunia mia mbili ya karafuu za shambani kwake Unguja halafu anakaa barazani kwenye jumba la Beit al Ajaib anakunywa kahawa. Nikaweka simu chini. Beit al Ajaib imejengwa 1883 jamani, na mkarafuu ukiupanda leo unasubiri miaka sita mpaka minane ndo uanze kuchuma. Kwa posti moja deni la tajiri likawa halina maana na ile ndoa haina sababu tena. Dada anayeandika bi harusi alikuwa ameshatunga barua ya binti kwa mama yake, ukurasa mzima, akanifuata inboksi akaniuliza, "sasa hii niifute?" Iliniuma sana.

Tulimfuata mgeni faragha, hatukutaka kumwaibisha kwenye kundi. Kumbe yale maelezo tuliyopini juu hakuwahi kuyafungua, alidhani ni matangazo. Kahawa akaihamishia kwenye baraza la msikiti, karafuu akasema zimetoka Pemba na zimeshushwa usiku. Yakawa magendo! Mkasa ukachangamka kuliko mwanzo, na yeye sasa hivi ndo anatuwekea kalenda ya matukio.

*

Mdau, Nairobi:
Mimi niko upande wa gemu la GTA V, kwenye seva za FiveM ambako watu wengi tunaigiza pamoja mtandaoni. Huko ukiuawa ukaamkia hosi, yote yaliyokufikisha hapo karakta wako amesahau, huwezi kurudi kulipiza. Na kitu umeona kwa laivu ya mtu mwingine karakta wako hajakiona. Sasa kuna jamaa alikuwa polisi, sisi tulikuwa genge, tumepanga kuiba benki wiki mbili nzima, tumelipa hadi fundi wa magari ndani ya gemu, na kuna msichana alikuwa anaigiza keshia na alikuwa ameshaanza kuingiwa na shaka, hiyo ndiyo ingekuwa njia halali ya polisi kutushika. Jamaa akafungua laivu ya mwenzetu, akaja moja kwa moja mahali tumejificha, hata hakuuliza mtu swali. Admini walirudisha pesa lakini yule keshia hakuwahi kurudi mjini, alisema kazi yake yote ilirukwa. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, pesa ya gemu si kitu.

*

Mdau, Tanga:
Mie nilikuwa mkosaji na nalisema wazi. RP ya ukoo kwenye WhatsApp, nikamuua mzee wa ukoo kwa sumu wakati mwenye karakta yuko kwenye mitihani, simu kazima. Yule mzee ndiye peke yake aliyejua mpaka wa shamba, kesi nzima ya urithi ilikuwa inamsubiri yeye aseme. Aliporudi akasoma, akaandika neno moja, "haya", akatoka kundini. Nilimpigia nikamwomba radhi kwa sauti, maandishi hayatoshi kwa jambo kama lile. Tangu hapo mie naandika mkono wangu unaosogeza kikombe tu, kunywa au kutokunywa anaandika mwenyewe. Hata kwenye ngumi ni hivyohivyo, narusha, yeye ndo anasema imempata wapi.

*

Mdau, Mombasa:
Kaka wa Tanga pole, na umefanya vyema kumpigia. Kwetu mgeni anapewa kwanza karakta mdogo, mbeba maji au mvuvi, wiki mbili anapitapita kwenye mikasa ya watu anasikiliza. Wengine hukasirika lakini wanaovumilia huandika vizuri mno. Mwanzisha mada, ile barua ya bi harusi iliishia wapi?

*

Mwanzisha mada:
Aliiposti yule dada! Hakufuta kitu, aliongeza mistari miwili tu mwishoni. Binti anamwambia mama yake kwamba usiku hakulala, upepo wa pwani ulileta harufu ya karafuu mbichi hadi dirishani, na anamwomba asimwambie baba.