Paneli za zege za jengo la madarasa zinameguka: nipige rangi au nizishushe?

Msimamizi_Majengo
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia matengenezo kwenye chuo kikuu kimoja huku pwani. Tuna jengo la madarasa la ghorofa tatu, nje limevikwa paneli za zege zilizofungwa kwenye fremu kwa brekti za chuma. Upande unaotazama bahari kuna michirizi ya kahawia chini ya bolti, na paneli kadhaa zimepasuka kwa mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula.

Juzi asubuhi kipande cha ukubwa wa kiganja kimedondoka ngazini, pale pale wanafunzi wanapopanga foleni ya kusaini mahudhurio. Ninacho hapa mezani. Upande mmoja ni laini, upande wa pili kuna alama ya nondo, na ukigusa vidole vinabaki na unga mwekundu. Zege lililofunika nondo lilikuwa milimita 15 tu.

Mkandarasi wa rangi anasema tuzibe kwa plasta, tupige rangi ya nje, wiki mbili kazi imekwisha. Bajeti inatosha kwa hilo, ila moyo wangu haukubali. Nishaurini.

Nondo16
Mkuu, funga hiyo ngazi leo, usisubiri barua ya mtu. Wanafunzi wapitie mlango wa nyuma. Mengine baadaye.

DadaZege
Kaka, usikubali plasta. Hiyo nyufa imenyooka kwa sababu inafuata nondo. Chuma kikila kutu kinavimba, kinasukuma zege kutoka ndani. Ukiziba kwa nje, kutu inaendelea, na mwakani kitadondoka kipande kikubwa zaidi pamoja na plasta yenyewe. Milimita 15 karibu na bahari ni kidogo mno. Eurocode 2, yaani kanuni za Ulaya za kusanifu majengo ya zege, kwa hewa yenye chumvi inataka angalau milimita 35 kwa jengo la miaka 50. Walioimwaga paneli hiyo ama hawakuweka biskuti (vile vipande vya kuinua nondo isiguse fomu), au nondo ilisogea wakati wa kupiga zege.

Chukua nyundo ndogo, gonga kila paneli. Zege zima linalia kavu. Lililoachana na nondo linalia kama debe tupu. Palipomeguka nyunyiza fenolfthalini, dawa ya maabara inayobadili rangi: zege likigeuka pinki bado linailinda nondo, likibaki na rangi yake ulinzi umekwisha. Ila dawa hiyo haionyeshi chumvi. Kwa chumvi toboa kwa drili, kusanya unga wa kila kina kwenye mfuko wake, upeleke maabara.

Na brekti! Watu wanatazama paneli wanasahau kinachoishika. Mastiki, ule mpira laini wa kuziba maungio ya paneli, ikikauka, maji yanaingia nyuma na yanakaa huko huko.

Mtoro_wa_Ubao
Nilisoma York, Uingereza. Majengo mengi ya chuo kile ya miaka ya 1960 yalijengwa hivyo hivyo: fremu nyepesi ya chuma, paneli za zege zimetundikwa nje. Mfumo ule, CLASP, ulianzia Nottinghamshire kwa ajili ya shule, maana ardhi kule inatitia kwa sababu ya migodi ya makaa ya mawe. Paneli ya namna hiyo haibebi jengo. Kama yako ni za aina hiyo, unaweza kushusha moja moja na jengo likabaki limesimama. Thibitisha kwenye michoro kabla hujalegeza bolti hata moja.

Msimamizi_Majengo
Asanteni sana. Ngazi nimeifunga. Leo nimepanda jukwaani na fundi wangu, tumegonga paneli 36 za upande wa bahari. 11 zinalia debe, tumezipiga alama ya chaki. Dada, kwenye brekti ulisema kweli: nyuma ya moja mastiki ilitoka mkononi kama ganda la ndizi kavu, na bolti imeliwa mpaka imebaki nyembamba kama penseli. Michoro nayo inaonyesha paneli zimetundikwa tu, mzigo wote uko kwenye fremu.

Nimemwambia mkandarasi wa rangi asimame. Kesho saa mbili naingia ofisini kwa mkuu wa utawala na kile kipande na ile bolti, nimwekee mezani, niombe mhandisi na fedha ya kuzishusha hizo 11 kabla ya mvua za masika.