Nimeletewa mbegu ya alfalfa ya GMO, baba mkwe hataki hata kuiona. Nifanyeje?

MamaMaziwa_Busia
Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko Busia upande wa Uganda, nafuga ng'ombe watatu wa maziwa bandani. Bisagazi zangu, yale majani ya tembo, zimeshikwa na ule ugonjwa wa kudumaa: majani manjano, shina fupi, ukikata mara ya pili hupati hata mzigo mmoja. Maziwa yameshuka, na ada za watoto zinatoka humo humo.

Wiki jana mtu ametuletea kilo mbili za mbegu. Anasema ni alfalfa, lishe ya ng'ombe jamii ya kunde, ya GMO (iliyobadilishwa vinasaba maabara) ya Marekani: ukipulizia dawa, magugu yanakufa, yenyewe inabaki. Mume wangu ameshalipa nusu. Baba mkwe ana mizinga ya nyuki mpakani mwa shamba, na amesema siku nitakapoipanda nisimpelekee chakula tena. Wenzetu wa kikundi wako upande wake. Sitaki kugombana naye, amenilea kama bintiye, lakini ng'ombe wanalia njaa. Je, hofu yake ina msingi?

Mfugaji_Tororo
Pole sana dada. Ina msingi. Alfalfa huchavushwa na nyuki, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Tena hukaa shambani miaka kadhaa, si kama mahindi unayovuna na kumaliza.

Hata Marekani wakulima waliipinga. Iliruhusiwa 2005, wazalishaji wa mbegu wakaenda mahakamani, upandaji ukasimamishwa 2007. Kesi ilifika Mahakama ya Juu 2010, ikaruhusiwa tena 2011. Mwaka 2013 mkulima wa jimbo la Washington alikataliwa majani yake makavu ya kuuza nje kwa sababu yalikutwa na chembe za GMO, naye hakuwa amepanda GMO. Hilo ndilo linaloniuma: hasara inamwangukia jirani.

Kijana_wa_Mbale
Mimi siogopi GMO. Ng'ombe wa Marekani wanaila miaka mingi, na palizi inatumaliza migongo. Ila mama, huo mfuko una lebo? Bunge letu lilipitisha muswada wa kusimamia GMO 2017, Rais Museveni akakataa kuusaini. Ukapitishwa tena 2018, akakataa tena. Hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima Uganda. Kwa hiyo huyo ama anavunja utaratibu, ama anakuuzia alfalfa ya kawaida kwa bei ya maneno. Msimalizie hela.

Daktari_wa_Ng'ombe
Mama, tuseme ni ya kweli. Bado haiwezi kushika nafasi ya bisagazi. Alfalfa ni ya protini, ng'ombe anahitaji pia majani ya kujaza tumbo. Akila nyingi ikiwa mbichi, tumbo linajaa gesi na anaweza kufa usiku mmoja. Na hiyo dawa ikipeperushwa na upepo itaua bisagazi zilizobaki.

Kudumaa huenezwa na wadudu wadogo wanaoruka na kwa vipando vyenye ugonjwa. Ng'oa mashina yote yaliyoathirika, usimpe jirani kipando hata kimoja. Kisha tafuta Brachiaria ya Mulato II, nyasi ya kulisha ng'ombe. Wakulima wa sukuma-vuta (kilimo cha kufukuza wadudu wa mahindi kwa mimea) huku mashariki wanayo pembeni ya mahindi, na katikati ya mistari wana desmodium, mmea wa jamii ya kunde. Mwambie mzee kwamba Mulato ni chotara wa kawaida, si GMO. Najua vikundi vilivyoikataa kwa uvumi huo tu, ng'ombe wakaendelea kukonda.

MamaMaziwa_Busia
Asanteni sana. Nimemsomea baba mkwe yote, hiyo ya Washington ameniomba niirudie. Nikamweleza kuhusu Mulato, akauliza mara mbili kama kweli si GMO. Mume amempigia muuzaji, hapokei simu. Mfuko hauna lebo yoyote. Jirani wa sukuma-vuta amekubali kunigawia vipando. Kesho nang'oa mstari wa kwanza, na mzee amesema atakuja na jembe lake.