PHP inamwaga kodi (msimbo wa programu) kwenye brauza baada ya kuhamia laptopu nyingine

spea_arua: Jamani habari zenu, naombeni msaada. Nina programu ya PHP (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) ya kuhesabu stoku duka la spea za boda hapa Arua, ilikuwa inapiga kazi vizuri tu laptopu ya zamani, sasa nimepata nyingine nikaweka XAMPP (kifurushi chenye seva ya Apache, PHP na databesi) nikakopi folda yote kwenye htdocs, folda ya kurasa za seva, Apache imewaka kijani, index.php inafunguka lakini stoku.php inamwaga kodi yote, if na while zangu zote zimejaa kwenye skrini. Na bosi anataka hesabu leo jioni.

kijana_gulu: Umepitia localhost (seva ya laptopu yenyewe) au umebofya faili tu? Ukiona file:/// pale juu basi PHP haijagusa kitu.

spea_arua: localhost/duka/stoku.php

mama_kodi: Seva iko sawa basi. Cheki mstari wa kwanza wa stoku.php, naona kama umeandika <? tupu. Ndani ya php.ini, faili la mipangilio ya PHP, kuna short_open_tag, ikiwa Off hiyo <? inapita kama maandishi ya kawaida. Unaweza kuweka On halafu uzime Apache uwashe tena, ila mimi ningeandika <?php kwenye faili zote, siku ukihama tena usisumbuke. Zile <?= ziache, hazina shida tangu PHP 5.4.

spea_arua: Eee mama asante sana, ndiyo yenyewe! Sasa imekuja nyingine: Call to undefined function mysql_connect()

boda_dev: Hiyo ya kuunganisha databesi waliiondoa kwenye PHP 7, 2015 huko. Tafuta XAMPP ya zamani yenye PHP 5.6 umalize kazi.

mama_kodi: Wee boda_dev, 5.6 haipati marekebisho ya usalama tangu mwisho wa 2018, unampeleka wapi mwenzio? Hamia mysqli, iliyochukua nafasi ya hizo mysql_. Angalia tu mpangilio, zamani mysql_query($sql, $con), sasa mysqli_query($con, $sql), koneksheni inatangulia, hapo wengi wanakwama. Na databesi umeitoaje kule?

spea_arua: Nilikopi folda yake tu toka mysql/data

mama_kodi: Mmh. Majina ya tebo utayaona lakini ukifungua itasema doesn't exist in engine, InnoDB (sehemu ya databesi inayotunza tebo) inategemea faili la ibdata1 na hilo limebaki kule. Washa laptopu ile ya zamani, fungua phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia databesi), bofya Export upate faili la .sql, huku kwenye mpya bofya Import.

spea_arua: Ile skrini imepasuka haionyeshi kitu

kijana_gulu: Chomeka kwenye TV na waya wa HDMI sebo, na ufanye sasa hivi kabla umeme haujaenda.